Mikopo ya kausha damu na madeni yaliyokushinda: maswali yanayoulizwa kila siku

Haya ni maswali ambayo mama lishe, bodaboda, walimu, wauza genge na mafundi wanauliza kila siku, mengine usiku wa manane wakati afisa mikopo ameshasema kesho asubuhi anakuja na watu wake. Mambo ya riba yanafuata sheria na kanuni zinazosimamiwa na Benki Kuu ya Tanzania, yani BoT. Mambo ya mahakama na ardhi humu ni ya Tanzania Bara, Zanzibar wana sheria zao.

## Tuanze na msingi

1. Kausha damu ni mkopo gani hasa? Wangu ni huo?

Ni mkopo mdogo wa haraka, unapewa siku hiyohiyo, marejesho kila siku au kila wiki, na ukijumlisha unachorudisha unakuta hela yenyewe uliyopewa ilikuwa ndogo sana. Wengine wanaita mkopo umiza.

Piga hesabu hivi, usiangalie karatasi yao. Tuseme umeandikiwa laki moja, wamekata 10,000 ya fomu, mkononi umepata 90,000. Unarudisha 4,500 kila siku kwa siku 30, hiyo ni 135,000. Umelipa 45,000 juu ya hela uliyoishika, nusu nzima, ndani ya mwezi mmoja, na hapo kumbuka ulianza kurudisha kesho yake kwahiyo hata hiyo 90,000 hukuwahi kukaa nayo mwezi mzima.

2. Kisheria riba inatakiwa iwe ngapi?

Kwa wakopeshaji wasiopokea amana, yani hizi kampuni za mikopo na watu binafsi wenye leseni ya daraja la pili chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018, ukomo ni asilimia 3.5 kwa mwezi. Kwa ile laki moja ya juu riba ya mwezi ni 3,500. Sasa linganisha na 35,000 waliyoongeza juu ya laki hiyo (135,000 toa 100,000).

Leseni ya daraja hilo inatoka BoT. SACCOS ni daraja la tatu na wanasimamiwa na Tume ya Maendeleo ya Ushirika, vikoba ni daraja la nne wanasajiliwa kupitia halmashauri. Kwahiyo swali la kwanza kwa yeyote anayekukopesha ni leseni yako iko wapi naomba niione. Anayeanza kung'aka hapo ameshakujibu.

3. Kama hana leseni ina maana silipi?

Hapana, usijidanganye hapo. Hela yake uliyoichukua unatakiwa kuirudisha. Ila mkopeshaji asiye na leseni anayetoza riba ya ajabu ana kila sababu ya kuogopa kwenda mahakamani au BoT, na hiyo ni nguvu yako kwenye mazungumzo, unaweza kusimama kwenye kurudisha mtaji na riba ya haki badala ya penati juu ya penati.

4. Nadaiwa sehemu tano sita, sijui hata naanzia wapi.

Anzia kwenye daftari. Najua inaudhi kuambiwa uandike wakati unahitaji hela, lakini karibu kila mtu aliyezama kwenye marejesho hajui jumla ya deni lake, anajua tu rejesho la leo. Andika kila anayekudai: ulipokea shilingi ngapi mkononi, umeshalipa ngapi, wanasema imebaki ngapi, rejesho ni la lini, umeweka dhamana gani, nani kakudhamini. Kusanya na meseji za miamala yote, usifute hata moja.

Alafu andika faida yako ya siku. Faida, sio mauzo. Mama lishe anayebaki na 12,000 kwa siku akiwa na marejesho matatu, 4,500 na 3,000 na 5,000, anatakiwa atoe 12,500. Hapo hajanunua unga wa nyumbani wala hajalipa nauli ya mtoto. Huyo hata akifanya kazi mpaka usiku hawezi kutoka kwa mpango huo, na sio uvivu, ni hesabu ndio imegoma. Lazima marejesho yenyewe yabadilike, angalia swali la 6.

5. Hela haitoshi wote, nani alipwe kwanza?

Watu wengi wanamlipa anayepiga kelele zaidi. Usifanye hivyo. Kwanza chakula, kodi ya nyumba, dawa, na mtaji wa kesho, sababu ukila mtaji hakuna atakayelipwa tena. Baada ya hapo deni lenye dhamana ambayo ukiipoteza umekwisha, mfano nyumba, kiwanja, pikipiki ya kazi. Halafu deni ambalo kuna mtu amekudhamini, maana huyo ataumia kwa ajili yako. Kisha lenye riba kali kuliko mengine. Programu za kwenye simu na wale wa mtaani wasio na karatasi wanakuja mwisho hata kama wanatukana kuliko wote.

## Kuongea na wanaokudai

6. Niende mwenyewe au nisubiri waje?

Nenda mwenyewe, na nenda kabla ya siku ya rejesho. Hili ndilo la kushika kuliko yote humu. Ukizima simu, ukihama njia, ukimfundisha mtoto aseme mama hayupo, ndio unawapa sababu ya kuja na mgambo na kusema umekimbia na deni. Aliyekuja ofisini mwenyewe ni mteja mwenye shida, aliyezima simu ni tapeli, hivo ndivyo wanavyoona wao.

Usiende na maneno matupu ya naombeni mnivumilie. Nenda na kiasi. Yule mama wa swali la 4 anaweza kuwaambia wote watatu: kwa siku naweza 2,000 kwa kila mmoja, nitaanza Jumatatu, simamisheni penati. Hiyo ni 6,000, anabaki na 6,000 ya kuishi. Atamaliza kwa muda mrefu lakini atamaliza. Usiahidi kikubwa ili waondoke haraka, ahadi ukiivunja ya pili hawakusikilizi tena.

Na iwe kwa maandishi. Barua ya ukurasa mmoja inatosha, tarehe, jina, deni, kilichokukuta (ugonjwa, biashara kuungua, kufukuzwa kazi), kiasi unachoweza, sahihi. Peleka nakala mbili, moja wagonge muhuri ubaki nayo. Wakikataa kugonga tuma picha yake kwa WhatsApp kwa afisa mikopo, inabaki kumbukumbu kwamba uliomba. Wakikubali, wakuandikie ratiba mpya.

7. Rejesho nimpe afisa mikopo mkononi?

Usimpe. Lipa kwa namba ya malipo ya kampuni au benki, na kama ni lazima mkononi basi risiti hapohapo. Kuna watu wamelipa miezi kwa afisa ambaye baadaye aliacha kazi, na ofisini kitabu kinasomeka sifuri.

8. Nikope sehemu nyingine nifunge hili deni linalonisumbua?

Karibu kila mara jibu ni hapana. Mkopo wa kausha damu unaolipwa na kausha damu nyingine unakupa wiki moja ya kupumua na kukurudisha na deni kubwa zaidi.

Hapana hiyo ina tofauti moja, kama mkopo mpya una riba ndogo kweli, muda mrefu zaidi, na hela yote inaenda siku hiyohiyo kufunga yale ya juu. SACCOS ya kazini au kikoba chako cha asilimia ndogo vinaweza kufanya kazi hiyo. Mikopo ya halmashauri ya asilimia 10 haina riba kabisa, nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu, ilisimamishwa 2023 ikarudi 2024. Ila ile ni ya vikundi na ni ya mradi, ukiichukua kulipia deni la zamani umejiongezea mdai mwingine ambaye ni serikali.

9. Niko kwenye kikundi, nikikosa rejesho wenzangu wanachangishwa na wananichukia.

Mikopo ya kikundi mmedhaminiana, kwahiyo kisheria wana haki ya kukudai walichokulipia. Waambie mapema, siku mbili tatu kabla, sio pale kwenye kikao watu wameshakaa. Omba wakulipie kwa makubaliano yaliyoandikwa kwenye kitabu cha kikundi na uwarudishie kidogokidogo, na ikiwezekana akiba yako iliyoko pale itumike kwanza. Kukufungia ndani mpaka ndugu zako walete hela, kukuvua kitenge mbele za watu, kukubebea vyombo, hayo hakuna katiba ya kikundi inayoyaruhusu.

## Vitisho na kukamatiwa mali

10. Wanasema watanifunga. Mtu anafungwa kwa deni?

Kudaiwa ni madai, sio jinai. Polisi sio wakusanya madeni. Ukipigiwa simu kutoka kituoni nenda, usikimbie, lakini uliza kwa heshima afande naitwa kwa kosa gani. Kama ni deni tu sema ni la mkataba na uko tayari kwenda mahakamani. Usisaini karatasi tupu wala ahadi ya kulipa ambayo huiwezi ili tu utoke. Na dhamana ya polisi ni bure.

Inageuka jinai pale palipo na udanganyifu, mfano umetumia kitambulisho cha mtu, umeghushi barua ya mwajiri, umeweka dhamana kitu ambacho sio chako. Hapo tafuta msaada wa kisheria haraka (swali la 20).

Kipo kifungo cha madai, hicho ni kitu kingine. Mdai ashinde kesi kwanza, aombe mahakama, wewe uitwe ueleze kwanini usifungwe, na mahakama inaruhusiwa kukataa kama hulipi kwa sababu ya umaskini na sio ukaidi. Ndio maana daftari na barua zako za swali la 4 na 6 zina thamani, zinaonesha ulijitahidi. Hicho kifungo hakizidi miezi sita na mdai ndiye anayetoa hela ya kukulisha huko, kwahiyo wengi hawafiki huko.

11. Wamekuja kubeba TV, friji na godoro. Wanaruhusiwa?

Waulize hati ya mahakama. Anayekamata mali kwa amri ya mahakama ni dalali wa mahakama, anakuja na hati yenye jina lako na muhuri. Kama hakuna hati na wewe hukubali, kuingia ndani kwako kwa nguvu ni kosa, na hapo wewe ndio unaenda polisi.

Ugumu uko kwenye mkataba uliosaini, wengi wameandika vitu vyao kama dhamana na kukubali vichukuliwe. Hata hivo haiwapi ruhusa ya kuvunja mlango, kupiga wala kubeba vitu ambavyo havipo kwenye orodha. Mwite mwenyekiti wa mtaa au mjumbe ashuhudie, andika kila kilichobebwa na hali yake, piga picha, wasaini. Wakiuza, dai ujue kimeuzwa shilingi ngapi na deni limepungua kiasi gani. Friji ya laki nne kuuzwa 80,000 kwa binamu wa afisa mikopo ni kitu cha kulalamikia kwa maandishi.

Hata kwa amri ya mahakama kuna vitu havikamatwi: nguo, vyombo vya kupikia, vitanda na matandiko ya familia, vifaa vya kazi vya fundi, jembe na mbegu za mkulima, na nyumba unayoishi na familia yako kama hukuiweka rehani. Cherehani ya fundi nguo imo humo, isemee.

12. Programu ya simu imewatumia meseji bosi, mama mkwe na watu wote kwenye simu yangu.

Piga picha kila meseji, waombe na waliotumiwa wakuhifadhie. Kuchukua majina ya simuni kwako na kukutangaza ni kuvunja Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, malalamiko yanaenda Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Matusi na vitisho mtandaoni vinaangukia Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, hiyo ni polisi. Novemba 2024 BoT ilitangaza programu na majukwaa 69 yanayokopesha mtandaoni bila leseni, kwahiyo cheki kama ya kwako imo na upeleke ushahidi BoT pia.

Ondoa ruhusa ya programu kusoma majina na meseji, kisha uifute, ila picha ya mkataba na miamala baki nazo. Waambie watu wako sentensi moja tu, nadaiwa, nalishughulikia, msitume hela kwa namba yoyote. Aibu inapungua sana ukishasema mwenyewe kabla.

13. Na mikopo ya laini za simu kama Songesha?

Hiyo haina mgambo, inakata yenyewe hela ikiingia. Hatari yake ni kwamba hela ya ada ya mtoto ikitumwa kwenye laini hiyo imekatwa. Maliza deni hilo kwa makusudi kwa vile ni dogo, alafu jiondoe kwenye huduma kama huwezi kujizuia.

14. Wameshika kadi yangu ya benki na namba ya siri.

Hii imewaumiza sana walimu, wauguzi, walinzi na wastaafu. Mshahara unaingia, mkopeshaji anatoa wa kwanza, wewe unapewa makombo na mwezi ujao unakopa kwake tena. Mkopeshaji haruhusiwi kushika kadi yako, na wewe kumpa mtu namba ya siri umevunja masharti ya benki yako.

Nenda tawini na kitambulisho, funga kadi hiyo, chukua nyingine. Ila siku hiyohiyo mpelekee mkopeshaji barua ya kulipa kwa utaratibu (swali la 6) maana kufunga kadi hakufuti deni, na ukinyamaza atasema umemtapeli.

15. Makato ya mshahara yamenimaliza.

Mtumishi wa umma anatakiwa abaki na angalau theluthi moja ya mshahara. Ukikuta unabaki na chini ya hapo andika kwa afisa utumishi ukiambatanisha salary slip. Shida ni kwamba yale ya kausha damu hayaonekani kwenye slip, yanakatwa na yule mwenye kadi, kwahiyo anza na swali la 14.

## Mahakamani na nyumba

16. Nimeletewa wito wa mahakama.

Nenda. Usipoenda kesi inasikilizwa upande mmoja na hakuna wa kupinga walichodai. Ukienda unaweza kukubali deni la kweli, kukataa riba na penati zisizo halali, na kuomba kulipa kwa awamu, mahakama ina uwezo wa kuamuru hivyo. Nenda na daftari, risiti na barua zako. Watu wengi wanaogopa hakimu kuliko afisa mikopo, wakati hakimu ndio mtu wa kwanza atakayeuliza umeshalipa shilingi ngapi.

Kama hukumu ya upande mmoja imeshatoka na hukujua, kaombe itenguliwe mapema, usikae nayo.

17. Nimeweka nyumba, au kiwanja, dhamana.

Kama ni rehani halali ya hati, mkopeshaji lazima akupe notisi ya siku 60 kabla ya kuanza kuchukua hatua, na mnada una notisi yake nyingine ya siku 14. Tumia hizo siku 60. Ukiona kabisa huwezi, omba uuze mwenyewe kwa bei ya soko chini ya usimamizi wao, kwenye mnada nyumba inaenda kwa bei ya kutupa. Na nyumba ya familia ikiwekwa rehani bila ridhaa ya mwenza, mwenza ana haki ya kupinga mahakamani.

Kibaya zaidi ni kile cha mtaani. Unakopa milioni mbili, unasainishwa mkataba wa mauziano wa kiwanja, unaambiwa hii ni formality tu ukimaliza tunachana. Ukichelewa anakuja kama mnunuzi. Usisaini kamwe mkataba wa kuuza kwa ajili ya kukopa, wala karatasi yenye nafasi tupu. Kama umeshasaini, kusanya kila kinachoonesha ulikuwa mkopo, meseji za rejesho, miamala, mashahidi, na umwone mwanasheria kabla hajaanza kujenga.

## Mambo ya pembeni

18. Nilimdhamini mtu, amekimbia. Mume wangu alikopa bila kuniambia. Baba amefariki na deni.

Mdhamini anadaiwa kama mkopaji mwenyewe, sio baada yake. Ukilipa una haki ya kumdai aliyekimbia, kwahiyo tunza risiti kwa jina lako. Ila kama mkopeshaji na mkopaji walibadilisha mkataba nyuma yako, wakaongeza mkopo mfano, sema, hiyo inaweza kukutoa.

Mwenza ambaye hakusaini wala kudhamini hadaiwi kwa sababu tu ni mke au mume. Marehemu deni lake linalipwa na mali yake kupitia msimamizi wa mirathi kabla ya kugawana, lakini mtoto halipi kwa mshahara wake. Uliza kwanza kama mkopo ulikuwa na bima, mara nyingi walikata hela ya bima ya mkopo siku ya kwanza na bima hiyo inalipa mkopaji akifariki, familia hazijui zinaendelea kulipa.

19. Deni ni la miaka mingi, na je naweza kujitangaza nimefilisika?

Deni la mkataba likipita miaka sita bila kufunguliwa kesi linaweza kuwa limepitwa na muda. Angalizo, ukilipa hata kidogo au ukiandika nakiri nadaiwa kabla muda haujaisha, miaka inaanza kuhesabiwa upya.

Sheria ya kufilisika kwa mtu binafsi ipo, inapita Mahakama Kuu na RITA, yani Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, ndio wanahusika na ufilisi. Kwa mtu wa madeni ya laki kadhaa gharama na mlolongo wake haviendani, mazungumzo na malipo ya awamu yatakusaidia zaidi.

20. Msaada wa bure uko wapi?

Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 inatambua wasaidizi wa kisheria, wako kwenye wilaya nyingi, uliza kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata au halmashauri. LHRC (Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu) na TAWLA (Chama cha Wanasheria Wanawake Tanzania) wanasaidia pia, na kama Kampeni ya Msaada wa Kisheria ya Mama Samia bado inafika mkoani kwako nenda na makaratasi yote. Malalamiko ya mkopeshaji anza kwake kwa maandishi, asipojibu peleka BoT, wana matawi Arusha, Mwanza, Mbeya, Dodoma na Mtwara.

21. Nimemaliza kulipa lakini wanasema kuna salio la penati.

Omba taarifa ya mkopo iliyoandikwa, kila siku na kila shilingi, ulinganishe na daftari lako. Penati ambayo haikuwepo kwenye mkataba usiilipe ili kununua amani, ilalamikie kama swali la 20. Ukiwa umemaliza kweli chukua barua ya kumaliza deni yenye muhuri, kadi ya pikipiki au hati yako irudi mkononi siku hiyohiyo, na yule aliyekudhamini apewe nakala.